Kufuga Maji

Mwanadamu hufuga kwa sababu nyingi. Hufuga ng'ombe kwa maziwa yake, kuku kwa mayai yake, mbwa kwa ulinzi wake, na njiwa kwa pumbao la macho tu. Katika bonde la Usangu mifugo ni jambo kubwa, na watu wamepimana kwayo tangu zamani. Lakini sijapata kusikia ya kuwa kabla yangu mtu wa Madibira alifuga kiumbe kisicholiwa na wenyeji, kisicholinda nyumba, kisichoimba, kisichomjua bwana wake, na kisichoweza kuishi ila katika maji yanayopatikana mwendo wa siku nzima kwa gari. Kiumbe hicho nilikifuga mimi. Nataka kueleza habari zake, si kwa kujisifu, maana sehemu kubwa ya habari hizi ni makosa yangu, bali kwa kuwa kilinifundisha jambo ambalo shule, chuo na shamba vilikuwa vimeshindwa kunifundisha.

Kiumbe hicho ni yule mnyama wa baharini aliye mviringo kama chungwa, mwenye miiba mwili mzima, ambaye waogaji humwogopa na wavuvi humsukuma kando. Watu wa pwani wana majina yao ya kumwita. Mimi ni mtu wa bara. Siku nilipomwona kwa mara ya kwanza neno lililonijia ni nungu, kwa sababu nungu ndiye mwenye miiba niliyemjua tangu utoto, mwizi wa mihogo na mahindi yetu. Basi katika maandishi haya nitamwita nungu wa bahari, na watu wa pwani wataniwia radhi.

Nilimwona nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maji yalikuwa yamekupwa sana, na mwalimu wetu alitupeleka Kunduchi kutazama viumbe vya mwambani. Wenzangu walipenda kaa na viti vya pweza. Mimi nilisimama juu ya kidimbwi kimoja nikaona kitu kama jiwe lenye miiba, na jiwe lile lilikuwa likitembea. Halikuwa na uso wala kisogo, halikuwa na mbele wala nyuma, lakini lilijua liendako. Nilikaa pale mpaka maji yalipoanza kujaa na mwalimu akaniita kwa sauti kali.

Niliporudi kwetu kufundisha elimu ya viumbe katika shule ya sekondari, nilikuta ya kuwa wanafunzi hutakiwa kujua habari za wanyama wenye ngozi ya miiba, nao hawajaiona bahari. Walimchora nungu wa bahari kwa kunakili kitabu, wakaandika majina ya viungo vyake, wakapata alama zao, na hawakuamini hata kidogo ya kuwa yupo. Siku moja msichana mmoja aliniuliza kwa adabu, "Samahani, mwalimu, huyu hula kwa wapi, na kinywa hana?" Nilimjibu kwa maneno ya kitabu, na katika kumjibu niliona aibu ya mchuuzi anayesifu bidhaa asiyokuwa nayo. Hapo ndipo niliponuia kuileta bahari Madibira.

Mwaka 2021, katika likizo ya Juni, nilisafiri mpaka Dar es Salaam. Visiwa vilivyo mbele ya Kunduchi, yaani Mbudya, Bongoyo na wenzao, ni hifadhi tangu mwaka 1975, wala si halali kuokota humo hata kombe. Kwa hiyo niliomba ruhusa, nikaenda na mvuvi mahali palipo wazi, nikapata nungu watatu wa aina ile yenye miiba mifupi minene, wakaao katika mashimo ya mwamba. Kila mmoja nilimtia katika ndoo yake yenye kifuniko, maana wakiwekwa pamoja safarini huchomana. Nikajaza na madumu ya maji ya bahari. Konda wa basi aliyatazama madumu yale akaniuliza, "Kaka, umebeba nini?" Nikamjibu, "Nimebeba bahari." Akasema, "Basi hata bahari italipa nauli," nami nikailipia. Tulipita Mikumi, tukapanda Kitonga usiku, tukapita Iringa, na Mafinga nikashuka kutafuta gari la Madibira. Njia nzima nilikuwa nikifungua vifuniko na kuyakoroga maji kwa mkono ili yapate hewa, na abiria wenzangu waliniona nimepatwa na jambo.

Nyumbani nilikuwa nimeweka tangayari tangi la kioo la lita 200, lenye pampu ya kuzungusha maji na kifaa cha kuyapasha, kwa sababu bahari ya pwani yetu huwa na joto la nyuzi 25 mpaka 30 za Selsiasi, na usiku wa Juni katika Madibira si rafiki wa kiumbe cha joto. Sikujua bado ya kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa mambo yote ila moja. Nilikuwa nimejiandaa kumfuga mnyama. Sikuwa nimejiandaa kufuga maji.

Ni lazima nieleze kwanza mnyama mwenyewe alivyo. Nungu wa bahari hana moyo wa kusukuma damu kama wetu, wala hana ubongo. Kinywa chake kiko chini, kimegeukia mwamba, na ndani yake yamo meno matano yaliyoshikwa katika chombo cha ajabu, ambacho wataalamu hukiita taa ya Aristotle kwa kuwa mwanachuoni yule wa Ugiriki alikifananisha na taa. Mwili wake umegawanyika mara tano, kama chungwa lililopangwa vipande vitano. Kati ya miiba hutokea miguu laini, myembamba kama nyuzi, yenye vikombe nchani. Miguu hiyo huendeshwa kwa maji. Maji hupita katika mifereji ndani ya mwili, yakasukumwa katika mguu, mguu ukarefuka na kushika; yakarudishwa, mguu ukafupika na kuvuta. Mkulima wa Madibira akiutazama mwili huu katika picha hataona ajabu. Ataona mfereji mkuu, mifereji midogo na malango.

Tena, nungu wa bahari hawezi kuitawala chumvi ya mwili wake. Samaki wengi wana figo na matamvua ya kutoa chumvi iliyozidi au kuizuia inayopungua. Huyu hana uwezo huo. Chumvi ya nje ikipanda, ya ndani hupanda. Ya nje ikishuka, ya ndani hushuka. Maji ya bahari ni nyumba yake, na ni damu yake, na ni miguu yake pia. Mambo haya yote niliyajua. Niliyafundisha ubaoni. Lakini kujua jambo ni kitu kimoja, na jambo lenyewe kukujua wewe ni kitu kingine.

Hesabu ya kosa langu la kwanza ni hii. Katika lita moja ya maji ya bahari mna kadiri ya gramu 35 za chumvi. Basi tangi langu lilikuwa na kadiri ya kilo 7. Upepo mkavu wa Usangu hunywa maji upesi. Baada ya siku kadhaa tangi lilipungua lita 20. Mimi nikaona bahari imepungua, nikaongeza bahari: nilimimina lita 20 kutoka katika dumu. Likapungua tena, nikafanya vivyo hivyo. Na mara ya tatu vivyo hivyo. Sikukumbuka ya kuwa upepo huchukua maji na kuacha chumvi. Kwa kila dumu nililomimina niliongeza gramu 700, na kwa madumu matatu chumvi ilifika kilo 9 na gramu 100 katika lita zile zile 200, yaani zaidi ya gramu 45 katika kila lita. Nilikuwa nikiwapa maji na kumbe nawaua kwa maji. Miiba yao ililala kama majani ya mpunga uliopigwa na jua, kisha ikaanza kudondoka mmoja mmoja chini ya tangi. Asubuhi ya siku ya kumi na tisa hakuna aliyebaki.

Wanafunzi walinisaidia kuwazika chini ya mpera. Nilijuta, na majuto yangu yalizidi kwa sababu dawa ilikuwa rahisi: kilichopungua ni maji matupu, basi ilinipasa kurudisha maji matupu. Jirani yangu wa shamba, mama mmoja mjane ambaye majaruba yake yako chini ya yangu katika mfereji mmoja, alikuja kunipa pole, nusu kwa huruma na nusu kwa kunicheka. Nilipomweleza sababu ya vifo vile alifikiri kidogo akasema, "Hilo mbona tunalijua, mwalimu. Jaruba lisilotoa maji huota weupe. Maji ni lazima yaingie na yatoke." Kumbe alikuwa amesema kwa maneno machache jambo lililoziharibu nchi za kale za Mesopotamia, ambazo wakulima wake walimwagilia miaka mingi bila njia nzuri ya kutoa maji, mpaka chumvi ikapanda juu ya udongo. Mimi nilikuwa na shahada. Yeye alikuwa na jaruba.

Nilisoma tena, na safari hii nilisoma kama mtu mwenye deni. Nilikuta ya kuwa sikuwa wa kwanza kuipeleka bahari bara. Mwaka 1846 mwanamke mmoja wa Uingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay akayapeleka London katika mtungi. Hapakuwa na pampu wala umeme. Kila siku mtumishi wake aliyamimina maji kutoka chombo hata chombo mbele ya dirisha lililo wazi, mpaka maji yakajaa hewa, na viumbe vile vikaishi. Mwaka uliofuata aliongeza mwani, naye mwani akasaidia kuyafanya maji yawe mazuri. Vitabu huwataja zaidi wanaume waliokuja baadaye, kama Philip Henry Gosse, aliyetoa kitabu chake juu ya jambo hili mwaka 1854. Lakini mimi humfikiri zaidi yule mtumishi aliyesimama dirishani, maana bila mkono wake bahari ile ya London ingaliharibika kwa siku chache.

Nilijifunza pia ya kuwa maji safi kwa jicho si lazima yawe safi kwa kiumbe. Mnyama akila hutoa uchafu, na uchafu huzaa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitriti, nayo ni sumu vile vile. Na wengine wanaoigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo sumu yake ni ndogo. Bakteria hao hukaa juu ya mawe na mchanga, na huchukua majuma kadhaa kuongezeka mpaka watoshe. Kwa hiyo mwenye busara huyafuga maji kwanza, na mnyama humleta mwisho. Nilijifunza kuepuka mabomba na dawa zenye shaba, kwa sababu shaba kidogo tu humwua nungu wa bahari. Nilijifunza kukinga maji ya mvua katika beseni lililo wazi, yasipite juu ya bati, nikayaweka akiba ya kujazia tangi. Nilinunua kipimo cha uzito wa maji, na kila jioni niliandika hesabu katika daftari.

Agosti 2022 nilisafiri tena, nikarudi na nungu watatu. Safari hii waliishi. Mchana walijificha katika mashimo ya mawe. Usiku walitoka kuchunga. Niliwapa mwani mkavu wa Zanzibar, ambako kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na mara nyingine niliwapa mchicha uliochemshwa kidogo. Wanafunzi walikuja jioni kwa zamu, wakawasha tochi iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu, wakatazama. Yule msichana aliyeniuliza habari ya kinywa alikuwapo siku nungu mmoja alipopanda juu ya kioo, tumbo likiwa upande wetu, na meno yake matano yakawa yanafumba na kufumbua, yakikwangua ukungu wa kijani na kuacha alama za nyota ndogo juu ya kioo. Hakusema neno. Alisogeza daftari lake akaanza kuchora upya.

Nikawaambia ya kuwa kiumbe hiki kisicho na uso kimewafundisha wanadamu habari za kuzaliwa kwao wenyewe. Mayai yake ni maangavu, na kazi ya uzazi hufanyika ndani ya maji, nje ya mwili, mahali ambapo jicho laweza kuiona. Mwaka 1875 Oscar Hertwig aliona katika mayai ya nungu wa bahari kiini cha mbegu ya kiume kikiungana na kiini cha yai. Na mwaka 1982 Tim Hunt, akifanya kazi Woods Hole katika Marekani, aliona katika mayai hayo hayo protini inayoongezeka na kutoweka kila seli inapogawanyika. Jambo hilo limesaidia watu kuelewa saratani, naye alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Mtu asiyefikiri huona miiba tu.

Tena kiumbe hiki ni mizani. Katika miamba ya Kenya, kikande, samaki mwenye meno ya kuvunja miiba, alivuliwa kupita kiasi. Nungu wa bahari wakazidi, wakaukwangua mwamba mpaka ukaliwa kuliko ulivyojengwa. Ndani ya hifadhi, ambamo uvuvi umekatazwa, kikande wapo na nungu ni wachache. Kinyume chake kilitokea katika bahari ya Karibi: mwaka 1983 na 1984 maradhi yaliwaua nungu wenye miiba mirefu, zaidi ya 9 katika kila 10, na mwani ukayafunika matumbawe. Wakizidi ni hasara, na wakipungua ni hasara. Bahari nayo ina zamu zake, na kila mlaji ana kiasi chake.

Neno zamu ndilo linalonileta katika sehemu ya habari hii ambayo ningependa kuificha. Watu wa Madibira huishi kwa mpunga, na mpunga huishi kwa maji ya mto Ndembera, unaoshuka kutoka nyanda za juu za Mufindi. Maji yaliyobaki huenda katika kinamasi cha Ihefu, na kutoka huko hutoka mto Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hujaza bwawa la Mtera, ambalo mitambo yake ni ya megawati 80, kisha hushuka kuzungusha mitambo ya Kidatu, ya megawati 204. Baadaye huungana na Rufiji, na Rufiji huingia baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia, katika maji ambamo nungu wa bahari wamejaa miambani. Sikupata kuufikiri mwendo huu mpaka nilipokuwa na tangi. Maji yanayopita mlangoni pangu huanza safari ya kwenda kwa wale niliowachukua. Na katika safari hiyo huwasha umeme uliokuwa ukiendesha pampu yao.

Lakini tangu mwaka 1993 imekuwa desturi ya Ruaha Mkuu kukatika wakati wa kiangazi. Viboko hubanana katika madimbwi, na mchanga hubaki mtupu pale palipokuwa na mto. Sababu ni nyingi na watu hubishana juu yake: kilimo, mifugo, miti iliyokatwa, mvua zilizobadilika. Kila mmoja hunyosha kidole kwa mwenziwe. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilichelewa, mabwawa yakapungua, na nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Katika Madibira ilikuwa saa nyingi za giza. Pampu yangu ikanyamaza.

Nilimkumbuka mtumishi wa London. Wanafunzi na mimi tukaandika karatasi ya zamu, tukaibandika ukutani. Umeme ukikatika, kila mtu kwa saa yake alichota maji kwa bakuli na kuyamimina kutoka juu polepole, yapate hewa. Wanafunzi walichukua saa za mchana na jioni. Usiku wa manane ulikuwa wangu. Siku nyingi tulikwenda hivyo, na nungu wote watatu wakaishi. Nakiri ya kuwa sijapata kuona darasa lililo bora kuliko lile, wala silikumbuki neno moja nililolifundisha humo.

Wakati huo huo ulikuwa wakati wa kuandaa vitalu vya mpunga. Maji ya mfereji yalikuwa machache, na zamu ziliwekwa kwa saa. Vitalu vyangu vilianza kupasuka. Usiku mmoja wa Novemba, ambao zamu ya mfereji ilikuwa ya yule mama mjane, nilichukua jembe na tochi, nikaenda kuliziba lango lake na kulifungua langu. Nilijiambia ya kuwa ni saa moja tu. Nilijiambia ya kuwa mimi nina ada za watoto. Mwizi wa maji hakosi hoja, kwa sababu maji hayana alama ya mwenyewe. Nilikaa gizani nikisikiliza maji yakiingia katika kitalu changu, na sauti ile ilikuwa tamu mno hata saa moja ikawa saa nne.

Niliporudi alfajiri umeme ulikuwa haujarudi tangu usiku. Karatasi ya zamu ilikuwa ukutani, na saa zile nne zilikuwa na jina langu. Nungu wawili walikuwa wameanguka kutoka mawe, miguu imelegea, na maji yana harufu. Wa tatu alikuwa amepanda juu kabisa, kando ya ukingo, mahali ambapo maji hugusa hewa. Niliokota bakuli nikamimina mpaka mkono ukafa ganzi. Wale wawili hawakurudi.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi ya kuwa adhabu ilishuka. Amonia haijui wizi, na nungu wa bahari hana daftari la dhambi za watu. Walikufa kwa kukosa hewa, kama ambavyo wangalikufa kama ningalilala usingizi wa mtu mwema. Nasema jambo jingine: ya kuwa usiku ule mtu mmoja alikuwa na zamu mbili, ya kutoa na ya kuacha, akazivunja zote mbili kwa tendo moja. Kabla ya hapo nilikuwa nikifikiri ya kuwa mlinzi wa tangi na mwizi wa mfereji ni watu wawili, na kwa hiyo waweza kukaa katika nyumba moja bila kujuana.

Wanafunzi walipokuja niliwaambia ya kuwa nilikosa zamu. Sikuwaambia nilikuwa wapi. Walinitazama, na yule msichana akaichukua kalamu akaandika jina lake juu ya saa zangu za usiku, nami nikamkataza kwa kuwa ni mtoto na usiku si wake. Siku tatu nilikaa na jambo lile. Siku ya nne nikaenda kwa yule mama.

Nilimkuta akipepeta mchele. "Kamwene, mama," nikasema. Akaitikia, akanivutia kigoda. Nikamwambia, "Mama, maji ya zamu yako usiku ule niliyachukua mimi."

Hakuuacha ungo. "Najua, mwalimu. Nyayo zilikuwa za viatu vya mpira. Katika mfereji ule nani mwingine huvaa viatu vya mpira?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Wewe ndiwe tunayekuita kusoma barua za mkutano." Akapepeta kidogo, akaongeza, "Miche yangu nusu imekufa. Nusu si yote."

Nilimpa zamu zangu mbili zilizofuata, na miche kutoka kitalu changu, ambayo kwa haki ilikuwa imelelewa kwa maji yake. Akaipokea bila kunishukuru, na hilo lilinituliza kuliko shukrani. Katika mkutano wa wakulima nilisimama nikasema neno lile lile mbele ya watu. Nilitozwa faini nikailipa. Baadhi walinicheka, na wengine walitazama chini. Nikafahamu ya kuwa viatu vya mpira si vyangu peke yangu.

Yule nungu wa tatu alibaki. Watu huniuliza kwa nini simrudishi baharini, na kwa kweli nilikusudia kumrudisha. Lakini mwaka 2023 maradhi yaliwaua nungu wenye miiba mirefu katika Ghuba ya Aqaba na katika kisiwa cha Réunion, ambacho kimo katika bahari hii yetu ya Hindi, na aina hiyo ipo katika pwani yetu. Kiumbe kilichokaa katika tangi na vyombo vya watu chaweza kubeba ugonjwa kisichoumwa nao chenyewe. Kumrudisha kungaliupendeza moyo wangu, na moyo wangu ulikwisha kuwaponza wengine. Basi amekaa.

Hali ya umeme ni nzuri kuliko ilivyokuwa mwaka ule. Mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwa megawati 2,115, ulianza kazi mwaka 2024, na bwawa hilo nalo hupokea maji ya Ruaha Mkuu pamoja na ya mito mingine. Hata hivyo karatasi ya zamu haikubanduliwa. Wanafunzi wa kwanza wamemaliza shule, na majina yao yamefuatwa na majina mengine kwa kalamu za rangi mbalimbali, mpaka karatasi imeongezwa kwa gundi mara tatu. Yule mama huja siku za Jumapili. Zamani alikuwa akiniuliza maana ya kuyalisha umeme maji yasiyonyweka wala kumwagilia. Sasa haulizi. Huketi karibu na tangi, hutazama kipimo ambacho nimemfundisha kukisoma, na kama maji yamepungua huniambia, "Mwalimu, upepo umekunywa. Ongeza ya mvua." Nami huinuka nikaenda kuchota.